Kikaango cha chuma cha bibi kimebetuka, kaka anataka kikagongwe nyundo

Mwana_Ngamiani

Habari za leo wapendwa, na wakubwa wote shikamooni. Nina jambo linaninyima raha na siku zenyewe ni chache, kaka yangu anataka kulimaliza Jumamosi hii.

Bibi yetu ametangulia mbele ya haki, na tulipogawana vitu vyake mi sikutaka kabati wala khanga, niliomba vyuma vyake vya jikoni tu. Viko vitatu. Kuna kikaango kikubwa cha chapati, kuna chuma cha vitumbua cha mashimo 7, halafu kuna kikaango kidogo chenye kina tulichokikuta banda la uani kwenye nyavu za babu. Vyote ni vile vizito vya zamani, chuma cha kumimina kwenye kalibu, sio vya bati. Hivi viwili vya kwanza ndo vimetulea, bibi alikuwa anachoma vitumbua kibarazani hapo Ngamiani, Tanga, tangu alfajiri na sare zangu za shule zimetoka kwenye yale mashimo 7, kwa hiyo mnielewe nikisema siwezi kuvitupa.

Sasa shida. Kikaango cha chapati kimebetuka. Nikikiweka mezani nikakisukuma na kidole kinazunguka kama pia. Zamani wala hatukujua maana bibi alikuwa anapikia jiko la mkaa, lakini mi nimehamia Chumbageni na nyumba ina jiko la umeme la kioo juu, nikiweka kikaango kinacheza, chapati inaungua katikati na pembeni bado mbichi, na mafuta yote yanakimbilia katikati. Chuma cha vitumbua nacho kimeliwa na kutu, kimekaa kama miaka 2 hakijaguswa, na hewa ya bahari ya huku mnaijua, hata bawaba za mlango hazidumu.

Kaka anasema hiyo ni kazi ndogo, kuna mafundi sokoni wanagonga majiko na ndoo, wakipashe moto wakipige nyundo kitanyooka kama mlango wa gari. Roho yangu inasita. Kuna mtu amewahi kunyoosha chuma cha aina hii kikanyooka? Na hiyo kutu naitoaje bila kuharibu?

Fundi_Hedi

Dada mpigie kaka yako simu leo leo usingoje Jumamosi. Mlango wa gari ni bati, bati ukiligonga linasogea. Hicho ni chuma cha kumimina, sisi gereji tunaita kasti, kina kaboni asilimia 2 mpaka 4 hivi wakati chuma cha nondo hakifiki hata 1, na hiyo kaboni nyingi ndo inakifanya kiyeyuke kirahisi na kiingie vizuri kwenye kalibu, lakini ndo hiyo hiyo inakifanya kivunjike kama chungu. Hakipindi kwa nyundo, kinapasuka. Kukipasha moto kwanza hakusaidii kwa mtu wa mkaa na nyundo, nimeshaona eksozi manifodi za kasti, zile za kutolea moshi wa injini, zimekuja gereji zikiwa na ufa mdogo zikaondoka vipande viwili sababu mtu alisema nipige kidogo tu.

Utauliza mbona chenyewe kilipinda basi. Kilipindwa na moto. Mkaa ukirundikwa katikati, pale katikati panapata moto sana na kutanuka, huku ukingo bado wa baridi umebana kama pete, sasa katikati patanukie wapi, panasukuma chini. Mara nyingi kikipoa taratibu kinarudi. Moto ukizidi mno mpaka chuma kinaelekea kuwa chekundu, hasa mkaa ukipigwa na upepo, hapo kikishasogea hakirudi tena. Na mtu akikimwagia maji baridi kikiwa cha moto kinaweza kupinda zaidi au kupasuka kabisa.

Fanya hivi kwanza. Kining'inize kwa kamba kwenye tundu la mkono, kigonge na mwiko wa mti. Kikilia kama kengele kina afya. Kikitoa sauti ya kufa, kuna ufa mahali. Ukitaka kuuona ufa, paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa mpaka pakauke halafu pakaza unga wa chaki, mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Ndo tunavyotafuta ufa hata kwenye silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Kioshe vizuri baada ya hapo. Halafu weka rula iliyonyooka kwenye kitako utuambie ukingo umeachana na rula kwa milimita ngapi.

Mwana_Ngamiani

Asante sana kaka Fundi, nimeshampigia, amekubali kusubiri ila hajafurahi. Nyumbani hakuna rula ya chuma ntatafuta kesho. Lakini swali, silinda hedi ikipinda si mnaikata mashine ikawa sawa? Kikaango hakiwezi kukatwa hivyo?

Fundi_Hedi

Kinaweza, tunaita kuskimu, na mafundi wa kuchonga vyuma Tanga wapo. Kasti inachongeka vizuri tu, vumbi lake jeusi kama masizi. Ila fikiria kitu kimoja. Cha kwako kimeshuka tumbo chini, kwa hiyo mashine itakula lile tumbo, yaani unapunguza unene palepale katikati ambapo panaungua. Kitako kikiwa na milimita 5 na umekata 1 unabaki na 4, hapo sawa. Kikiwa chembamba milimita 3 utakimaliza. Na ndani kitabaki na bonde lake vilevile, mafuta yataendelea kukusanyika katikati. Kwangu mimi mashine ni hatua ya mwisho kabisa na ni kwa mtu ambaye hana pa kupikia zaidi ya jiko la kioo.

Bi_Makorora

Marahaba mwanangu, na pole kwa bibi. Mola amrehemu.

Mie nawashangaa nyote mwatafuta dawa ya kitu kisichoumwa. Wajua kikaango cha chapati kikibonyea kidogo katikati ndicho kizuri? Matawa ya Kihindi hutengenezwa na bonde makusudi, mafuta yakae mahala pamoja, chapati ijae vizuri. Bibi yako alikijua chuma chake. Shida yako si kikaango, shida ni hilo jiko la kioo, kioo chataka kitako kilale chote na chako chagusa mahala padogo tu, basi pale paungua na kwengine hapana moto. Jiko la mkaa halina habari na kitako, moto wapanda wenyewe mpaka ukingoni. Hata la gesi lakubali.

Nunua kijiko cha mkaa, weka uwani au varanda ya nje penye hewa, usikiingize ndani moshi wake waua watu kimyakimya. Mkaa usirundike katikati, upange duara pembeni, katikati uache mdogo. Kikaango kipashe polepole, kiache hata dakika 10, chuma hiki si kama sufuria, moto wake waenda pole. Ukiharakisha ndipo wapata chapati yenye doa jeusi katikati.

Na kutu usiiogope. Kumbi la nazi, majivu na chumvi kidogo, sugua mpaka mkono uchoke. Ukimaliza weka motoni kikauke, paka mafuta ya nazi, kata kitunguu nusu uchome na uma uzungushe kwenye kila shimo. Sie twafanya hivyo tangu kwa mama zetu na vitumbua vyajing'oa vyenyewe.

Pwani_Deals

Mi ningeviuza chuma chakavu nikanunua nonstiki mpya, siku hizi zipo za kila saizi. Vitu vya zamani vinatesa tu

Mwana_Ngamiani

Nonstiki ninayo kaka, ila ule utando wake hautaki moto mkali, nimesoma ukipita kama nyuzi 260 unaanza kuharibika, na mkaa unazipita hizo bila taabu. Vya bibi vimekaa motoni maisha yake yote na bado vipo. Siviuzi.

Mkazi_Dunda

Nawasalimu nikiwa Bagamoyo. Nimesoma hii nikaona niandike maana nimelipa gharama ya somo hili na inaniuma mpaka leo. Mama yangu alikuwa na chuma cha vitumbua kama hicho, kimejaa masizi magumu ya miaka na miaka, mtu akaniambia kitupe katikati ya moto mkubwa yataungua yote kitatoka kipya. Nikawasha vifuu na makumbi nikakitumbukiza. Masizi yaliungua kweli, ila kilitoka na rangi nyekundu ya ajabu ambayo kila nikipaka mafuta hayashiki yanabanduka, na nilipokisogeza kikiwa bado cha moto mvua ikakidondokea, nikasikia ta! Ufa toka shimo moja mpaka la pili. Mama hakusema neno, alikichukua akakiweka juu ya kabati na kiko hapo hadi leo. Kwa hiyo dada, moto wa kuchoma taka usiukaribie kabisa.

Kwa kutu mi sasa hivi natumia siki nyeupe na maji nusu kwa nusu. Unaloweka nusu saa, unatoa, unasugua na waya wa vyombo, ukiona bado unarudisha nusu saa nyingine. Usilaze usiku kucha, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe kinabaki na vishimo vishimo. Ukitoa usikiache hata dakika 5 kikiwa kibichi, kutu ya rangi ya chungwa inarudi mbele ya macho yako, suuza, futa, weka motoni papo hapo.

Masizi magumu yanatoka na kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, ila vaa glavu na miwani, na kostiki ndo inaingia kwenye maji, sio maji kumwagiwa kwenye kostiki, itakurukia usoni. Na kabla ya yote weka sumaku. Vyuma vingi vya vitumbua vya siku hizi ni alumini ya kuyeyusha vyakavu, sumaku haishiki, na kostiki inaila alumini huku inatoka mapovu. Cha bibi kama ni chuma kweli sumaku itang'ang'ania.

Bi Makorora naomba nitofautiane na wewe kidogo kwa heshima, mafuta ya nazi ni matamu kupikia lakini kwa kutengeneza ule utando mweusi si mazuri. Utando ule ni mafuta yaliyogeuka kuwa kama rangi kavu kwa sababu ya moto, na mafuta yanayoganda kwenye ubaridi kama ya nazi hayapendi kukauka hivyo, yanabaki kama ngozi laini. Alizeti ni bora zaidi. Unapaka kidogo sanaaa halafu unafuta kama vile ulikosea kupaka, ukiona bado kinang'aa umeweka mengi na kitatoka cha kunata. Halafu moto mpaka moshi uishe wenyewe, kipoe, rudia mara 4 au 5. Mimi nampelekea jirani mwenye tanuri la mikate, akimaliza kuoka ananiachia vyuma ndani na joto lililobaki, moto unafika kila upande sawasawa hakuna kubetuka.

Bi_Makorora

Umesema kwa adabu nami nimekusikia. La tanuri nalikubali kabisa. La nazi, mie chuma changu hakilali, kila siku kiko motoni, huenda ndiyo maana sikuona tofauti. Cha huyu binti kimelala miaka 2, aanze na hiyo alizeti kisha akipikie mfululizo. Ila usipikie ukwaju wala nyanya wala limau humo mwanzoni, uchachu wavua utando wote.

Mshipi_DeepSea

Samahani nachelewa kuingia. Naona wote mmeongelea viwili mmekiacha cha tatu, na mimi hicho cha tatu ndo kimenishtua. Dada umesema kikaango kidogo chenye kina kilikuwa bandani kwenye nyavu za babu. Babu alikuwa mvuvi?

Nauliza kwa sababu sisi wa mshipi na nyavu tunayeyusha risasi, sio ya bunduki, ile metali laini nzito, kutengeneza chubwi, yaani vizito vya mshipi na nyavu, na chombo kinachopendwa kwa kazi hiyo ni kikaango kizee cha chuma chenye kina. Risasi inayeyuka nyuzi 327 tu, mkaa wa kawaida unatosha, chuma hakijali. Wengine wanavunja betri za gari wanayeyusha zile sahani za ndani, ambayo ni sumu mbaya zaidi kwa vumbi na moshi wake. Nimekulia kwenye kazi hii na sikuambiwa na mtu mpaka nimekuwa mkubwa, ndo maana nasema kila ninapopata nafasi.

Kikaango kilichoyeyushia risasi kisipikiwe tena MILELE. Risasi haina harufu wala ladha, inakaa kwenye vishimo vya chuma, siki haiitoi yote na utando wa mafuta hauizuii, tena siki ndo inaiyeyusha iingie kwenye chakula. Watoto ndo wanaumia zaidi, inaharibu ubongo unaokua na hiyo haitibiki ikarudi.

Angalia ndani kama kuna madoa ya kijivu yanayong'aa au matone yaliyoganda pembeni, sugua na karatasi nyeupe, risasi inachora kama penseli. Ukiona mstari wa kijivu habari imeisha. Lakini usipouona USISEME ni kisafi, muulize mtu aliyemjua babu na kazi zake. Na ukishika nawa mikono kabla ya kula.

Mwana_Ngamiani

Mmenitoa jasho. Babu alikuwa wa mshipi, ndio, Sahare. Nilikuwa nimepanga hicho kidogo nimpe wifi amkaangie mtoto mayai, mtoto ana mwaka na nusu. Nampigia mjomba sasa hivi.

Mwana_Ngamiani

Nimerudi baada ya siku 4, nawaeleza yote.

Mjomba hakuchelewa kujibu, kasema hicho kilikuwa cha chubwi, yeye mwenyewe akiwa kijana ndo alikuwa anakipepea mkaa na babu anamimina kwenye mchanga. Nikamwuliza kama bibi aliwahi kukipikia akasema bibi alikuwa hataki hata kivuke mlango wa jiko, alikuwa anafoka kikiletwa karibu. Hakuwahi kutuambia kwa nini. Karatasi nilijaribu hata hivyo, imechora. Nimekiweka kwenye gunia uani, nikanawa.

Kikaango cha chapati kimelia kengele safi, chaki haikuonyesha kitu. Rula tumeazima kwa fundi seremala, ukingo umeachana na rula milimita moja na nusu hivi. Unene wa kitako kaka kapima anasema 4. Kwa hiyo Fundi nikiskimu inabaki mbili na nusu pale katikati, nimeacha. Nimenunua jiko la mkaa niko nalo varanda ya nyuma, mkaa duara kama Bi Makorora alivyosema, dakika 10 za kupasha, na chapati zimeiva mpaka ukingoni.

Cha vitumbua sumaku imeng'ang'ania. Siki mara 3 za nusu saa, mashimo mawili yana vishimo kidogo lakini hakuna ufa. Alizeti mara 5. Mkupuo wa kwanza wa vitumbua uling'ang'ania wote nikakaribia kulia, wa pili nusu nusu, wa tatu nikaingiza kijiti pembeni kikazunguka chenyewe mle shimoni. Nimemtumia mama picha. Bado yale mashimo mawili yanashika kidogo, nitaendelea.

Swali la mwisho, hicho cha risasi nifanyeje nacho? Mjomba anasema kirudi bandani tu.

Mshipi_DeepSea

Alhamdulillah mtoto hajala humo. Kama kuna mtoto yeyote aliwahi kulishwa kutoka hicho kikaango mpelekeni hospitali na mumwambie daktari wazi neno risasi, asibahatishe.

Bandani kisirudi dada. Nyie mnajua ni cha nini, lakini miaka 20 ijayo mtu mwingine atagawana vitu vya mjomba, atakiona kizuri kizito, atakisugua atapikia. Kisiuzwe kizima, kisitupwe kizima. Kivunjwe, kikiwa ndani ya gunia ili vipande na vumbi visiruke, watoto wakae mbali, halafu gunia lifungwe, na mnunuzi wa vyuma chakavu aambiwe kikaango kilikuwa cha risasi.

Fundi_Hedi

Naunga mkono. Kasti hiyo, nyundo ya kilo 2 mara moja au mbili inatosha. Kaka yako si alikuwa na hamu ya kugonga, mpe hicho.

Mwana_Ngamiani

Anakuja Jumamosi na nyundo. Nimemwambia aje mapema, vitumbua vitakuwa tayari saa 1.